Kizuri Hakijiuzi

Ukitaka kujua kwa nini Kiswahili kina watunzi wengi kiasi hiki na kazi zao hazionekani majaridani, usianze kuwalaumu wahariri. Anza na methali. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mwalimu wa sekondari aliyeandika riwaya kwa mkono, akaipigisha chapa kwa pesa yake na kuifungia kabatini, atakutajia methali hiyo. Mshairi anayeghani harusini na kwenye maulidi, ambaye hajapeleka ubeti hata mmoja gazetini, naye anayo. Kijana mwenye hadithi ndani ya simu, anazowasomea marafiki wawili watatu, hali kadhalika. Wote wanasubiri. Kazi ikiwa nzuri, wanasema, itajulikana tu. Anayehangaika kuituma huku na huku ni yule ambaye kazi yake ina kasoro.

Nasema methali hii, ikishaingizwa kwenye uandishi, ni uongo. Tena ni uongo mtamu, kwa sababu unampa mtu ruhusa ya kuogopa huku akijiona anatunza heshima yake.

Hata sokoni haina ukweli. Nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi mashua zinapoingia. Nguru aliyetoka majini usiku ule ule ananadiwa, na mnadi anakauka koo kwa ajili yake. Sijamwona bado mvuvi aliyemwacha nguru wake ndani ya mashua kwa sababu ni mzuri mno kunadiwa.

Tuyaache ya samaki. Watetezi wa methali hii hupenda kukimbilia kwa wakubwa waliotangulia. Shaaban Robert, wanauliza, alimbembeleza nani? Kabla hajawa Shaaban Robert wa vitabu vya shule alikuwa karani wa forodha aliyepeleka mashairi yake Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923. Gazeti hilo lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji, na wasomaji waliitumia kwelikweli: mtu wa bara anatuma beti kwa posta, mtu wa pwani anamjibu, wa tatu anaingilia kati kuwasahihisha wote wawili vina na mizani. Hakuna aliyeona aibu. Kupeleka shairi gazetini ndiyo ilikuwa desturi ya washairi, na kizazi kilichotujengea ushairi wa karne iliyopita kilipita humo. Hii dhana kwamba mtunzi wa kweli hukaa kwake akingoja kufuatwa tumeizua baadaye.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mtu wa magazeti mwenyewe, aliyekuja kuwa mhariri wa Mkulima. Angeweza kukaa akajiona hahitaji kupimwa na mtu. Badala yake aliingiza Mzimu wa Watu wa Kale kwenye shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, akashika nafasi ya kwanza, na kitabu kikatoka 1960. Bwana Msa, mpelelezi tunayemjua wote, alitufikia kwa njia ya bahasha ya mashindano.

Hapo mtu huniuliza: na Muyaka je? Muyaka bin Haji wa Mombasa hakutuma chochote popote, na bado tunamsoma. Mfano huu naupenda, kwa sababu unamwangusha anayeuleta. Kwanza, Muyaka hakuwa mtu wa kuficha tungo. Alitunga juu ya siasa na vita vya Mombasa ya Wamazrui, akazitoa mbele za watu, watu wakazishika kichwani. Pili, alipofariki, mnamo mwaka 1840, mashairi yale hayakujiuza kwa yeyote. Yalibaki midomoni mwa watu, na watu hufa. Yaliokoka kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye wa Mombasa, alikaa akayakusanya, mmisionari W. E. Taylor akayahifadhi, na mwaka 1940, takriban miaka mia moja baada ya mtunzi kuzikwa, William Hichens akayatoa huko Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka. Watu watatu walioyatembeza, kila mmoja kwa wakati wake. Wenzake Muyaka waliokosa Sikujua wao tungo zao zilikuwaje? Hatujui, wala hatutajua, hata kama zilikuwa nzuri kuliko zake.

Na mshairi Abdilatif Abdalla? Aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni katika gereza la Kamiti, Kenya, kwenye karatasi za chooni, kwa kuwa karatasi nyingine hakuruhusiwa. Ingekuwa kuna mtu mwenye haki ya kusema "kazi yangu itajulikana tu siku moja", ni yeye. Lakini mashairi yale yalitafutiwa njia ya kutoka, yakapelekwa kwa mchapishaji, kitabu kikatoka 1973 na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Sisi tulio nje, wenye intaneti mkononi, tunaona taabu kuambatisha faili.

Kisa ninachopenda kuwasimulia vijana ni cha Makerere, mwaka 1960. Mwanafunzi mmoja alimsimamisha Jonathan Kariara, aliyekuwa akihusika na Penpoint, jarida la wanafunzi wa idara ya Kiingereza, akamwambia ameandika hadithi fupi, je, angekubali kuitazama? Kariara akakubali. Kwa maelezo ya mwanafunzi huyo mwenyewe, hadithi hiyo haikuwepo. Alikuwa ameshajifunga kwa maneno, ikabidi aende akaiandike. Ikatoka Penpoint. Miaka miwili baadaye, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika hapo hapo Makerere, alimpelekea Chinua Achebe mswada wa riwaya. Achebe tayari alikuwa Achebe. Kijana alikuwa si mtu. Mswada ule ukawa Weep Not, Child, uliochapishwa 1964, na kijana ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa kipimo cha methali yetu, huyo alikuwa mtembezaji wa kibaya.

Methali hii humdhuru hata yule anayethubutu kutuma. Anatuma mara moja, anajibiwa samahani, halafu anachagua moja kati ya mawili. Ama anasema: kumbe kazi yangu mbaya, ingekuwa nzuri ingejiuza. Anaacha kuandika. Ama anasema: kazi yangu nzuri, ila pale wanajuana. Anaendelea kuandika lakini hatumi tena kokote, na kila akikutana na wewe atakueleza habari za wanaojuana. Wote wawili wanadhani kwamba uzuri wa hadithi unaonekana wenyewe kwa kila mtu, kama rangi ya ukuta, kwa hiyo anayesema hapana ama kaona ubaya ama ana hila.

Nimesoma miswada kwa niaba ya wengine, na ninawahakikishia kwamba kwenye meza ya mhariri hakuna ajabu kubwa. Toleo lina kurasa zake, zikijaa zimejaa. Hadithi mbili za msiba zimeshaingia, ya tatu, hata ikiwa ndiyo bora, italifanya toleo zima lisomeke kama hotuba ya mazikoni. Jarida limetangaza mada ya bahari, wewe umeleta ya uchaguzi. Limetaka maneno elfu tatu, umeleta elfu tisa ukiandika kwamba haiwezekani kupunguza hata moja. Mhariri huyu kalelewa na mashairi huru, tarbia inamchosha. Mwenzake wa jarida jingine akiona shairi lisilo na vina hulifunga kabla ya ubeti wa pili. (Ugomvi wa vina tumeupigana tangu miaka ya sabini, na naona wajukuu wetu watausikia.) Kazi ile ile iliyokataliwa na wa kwanza inapokelewa na wa pili bila kubadilishwa nukta. Jibu la hapana linamaanisha hapana ya jarida lile, kwa toleo lile. Mwandishi mwenye busara hulisoma, kama lina maelezo huyatafakari, kisha hutuma kwingine.

Sasa, wanajuana? Ndiyo, pengine wanajuana. Sitajifanya sijui mji huu. Kuna mialiko inayopita kwenye makundi ya WhatsApp bila kutangazwa, na kuna majina ambayo huchapishwa hata yakiandika usingizini. Lakini tazama anayefaidika mwandishi asiyejulikana akikaa nyumbani. Wanaojuana hawawezi kuombea jambo zuri kuliko hilo. Ukuta wa kujuana haujawahi kubomolewa kwa kususa, umebomolewa na wageni waliozidi kubisha hodi, na wengine waliochoka kubisha wakajenga mlango wao. Mwandishi Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika mwaka 2002 kwa kazi iliyotoka kwenye jarida la mtandaoni, wakati ambapo wengi walidhani cha mtandaoni si uchapishaji. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi, na mwaka huo huo Yvonne Adhiambo Owuor akaichukua tuzo ile ile kwa hadithi iliyochapishwa humo. Tuzo ya Caine haimpokei mwandishi anayejileta. Mchapishaji ndiye anayewasilisha, na hadithi lazima iwe imeshachapishwa. Kwa hiyo hadithi iliyobaki kabatini, hata ingekuwa bora Afrika nzima, kisheria haishindani. Haiwezi hata kushindwa.

Kuna hofu nyingine inayojificha nyuma ya methali: wataniibia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inakulinda tangu kazi ilipokuwa kazi, hata kama hujaisajili popote. Wizi upo, sikatai. Lakini barua pepe yenye tarehe, iliyotumwa kwa mhariri, ni ushahidi mzuri kuliko hadithi uliyomsimulia rafiki kijiweni, na huko kijiweni hujaacha kusimulia.

Wahariri nao wanaipenda methali hii, na hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Nimesikia mara nyingi kwenye mikutano ya vitabu: waandishi wazuri wa Kiswahili hawapo siku hizi, wangekuwepo tungewaona. Mngewaonea wapi, ikiwa mwito wa kazi mliutoa kwa Kiingereza, ukakaa siku kumi, ukafungwa? Ilipoanzishwa Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili mwaka 2014, ikapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, kazi zilikuja. Mwaka uliofuata Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya yake Penzi la Damu na Mohammed Khelef Ghassani kwa diwani yake N'na Kwetu. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ilipoleta Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na washindi wa kwanza wakatangazwa Aprili 2023, hakuna aliyelalamika kwamba miswada imekosekana. Watunzi walikuwepo muda wote.

Kwa hiyo, ndugu wahariri: tangazeni mwito kwa Kiswahili, semeni mnataka nini na kwa maneno mangapi, semeni kama mnalipa au hamlipi. Na jibuni. Mtu aliyekuletea hadithi aliyoihangaikia mwaka mzima anastahili mstari mmoja wa hapana. Mwandishi asiyejibiwa kabisa ndiye anayerudi kwenye methali, na hapo kosa si lake.

Nawe mwenye kabati, msomaji wangu, soma kwanza toleo moja zima la jarida unalolitaka, usitume shairi la mapenzi kwa watu wanaochapa hadithi za kubuni za kisayansi. Fuata urefu waliousema. Barua ya kuambatisha iwe fupi: jina lako, jina la kazi, idadi ya maneno, basi, usimweleze mhariri kwamba mama yako alilia alipoisoma. Kama jarida linaruhusu, peleka kazi hiyo sehemu zaidi ya moja, ila ikikubaliwa mahali pamoja, waarifu wengine siku hiyo hiyo. Na acha kuitundika hadithi nzima kwenye Facebook kabla ya kuituma, kwa sababu majarida mengi huihesabu hiyo kuwa imeshachapishwa.

Ukisema hujui pa kuanzia, Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola haitozi ada ya kushiriki, na inapokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili mradi hazijachapishwa kokote. Anayeshindwa kutuma hata huko asitafute wa kumlaumu.