Mwacheni Mtoto Ashike Vizibo

Nafundisha darasa la kwanza, na wazazi huniuliza mbona madaftari ya watoto wao hayajai. Nawaonyesha sakafuni: vizibo vya soda. Juzi mtoto mmoja alipanga kumi na vitatu, vitatu vitatu, kisha akaja mbio: "Mwalimu, hiki kimoja hakina wenzake!" Kugawanya sijamfundisha bado.

Kujifunza kwa kushika vitu si jambo geni. Maria Montessori alianza hivyo Roma mwaka 1907, na watoto wa mtaa wa maskini. Hapa kwetu Tanzania, Mwalimu Nyerere alikosoa uzito wa mitihani katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, 1967. Nao mtaala mpya unadai umahiri, si kukariri.

Lakini mwalimu mmoja mwenye watoto themanini atamsikiliza yupi? Serikali ianzie hapo, ituletee walimu. Kamati za shule nazo zifute mtihani wa kila Ijumaa kwa darasa la kwanza na la pili. Hilo halihitaji bajeti, na mtoto wa miaka sita hastahili kutangazwa wa mwisho mbele ya wenzake.