Kipatimu Haiko Ng'ambo

Muulize mwalimu yeyote wa Historia Vita vya Majimaji vilianzia wapi, naye atakujibu bila kusita: Umatumbi, mwaka 1905. Muulize tena amefika Umatumbi mara ngapi. Hapo atacheka, au ataitazama saa yake. Muulize ofisa aliyekwenda Kilwa Masoko kwa semina ya siku tano alichokiona Kilwa Kisiwani, kisiwa kinachoonekana kwa macho kutoka bandarini. Atakueleza habari za ukumbi, posho na samaki wa kuchoma.

Sisemi haya kuwadhihaki watumishi wenzangu. Nayasema kwa sababu huu ni ugonjwa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Jina la ugonjwa wenyewe ni kasumba. Ndiyo inayotunong'oneza kwamba kutembea kuitazama nchi ni kazi ya Mzungu mwenye kofia pana na kamera kifuani, na kwamba sehemu ya Mwafrika katika matembezi hayo ni kubeba mizigo, kuendesha gari na kupika. Neno "mtalii" likitamkwa, vichwani mwetu huja sura ya mgeni. Hatujioni humo sisi wenyewe wala watoto wetu.

Basi natutazame ni kitu gani hicho tunachokikimbia. Msafiri atokaye Dar es Salaam huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo alikuwa mateka wa pantoni pale Ndundu. Akifika Tingi, katika Wilaya ya Kilwa, huiacha barabara kuu na joto la pwani, akaelekea magharibi kupitia Chumo, akaanza kupanda. Mikorosho na michungwa inamsindikiza, vilima vinasogeleana, na hewa inabadilika. Huko ndiko Kipatimu, katikati ya Milima ya Matumbi.

Chini ya vilima hivyo umelala mwamba wa chokaa, nayo mvua ya karne nyingi imeutoboa mwamba huo ikafanya mapango. Lililo mashuhuri zaidi ni Pango la Nang'oma, katika kijiji cha Nandembo. Aingiaye humo huliacha jua mgongoni, akakutana na giza, popo, na mawe yaning'iniayo kama mishumaa iliyoyeyuka. Wazee wa Umatumbi husimulia kwamba wakati wa Majimaji watu walijificha humo pamoja na watoto wao, majeshi ya Wajerumani yasiwaone. Je, ni kitabu gani kitakachomfundisha mwanafunzi maana ya vita hivyo kama dakika tano za kusimama ndani ya giza hilo, kurunzi zikiwa zimezimwa?

Katika milima hiyo hiyo kipo kijiji cha Nandete. Mwezi Julai 1905 wakulima wa Nandete, wakiwamo Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulilima kwa faida ya watu wengine. Hawakuwa na bunduki za kushindana na serikali ya mkoloni. Walikuwa na mikono yao, na imani iliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti mwaka huo huo. Miche ile ndiyo iliyokuwa tangazo la vita. Moto uliowashwa Nandete ulienea hadi Songea na Mahenge, na kabla haujazimwa kabisa mwaka 1907 wananchi wengi mno walikuwa wamekufa, wengine kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa iliyopandwa makusudi kwa kuchomewa mazao.

Na asidhani mtu kwamba habari za milima hii ziliishia hapo. Kibata, jirani ya Kipatimu, palikuwa uwanja wa mapigano makali ya Vita Kuu ya Kwanza kuanzia Desemba 1916 hadi Januari 1917. Mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, ulipandishwa hadi milimani huko na kuelekezwa kwa jeshi la Mwingereza. Katika pande zote mbili askari na wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa ugomvi usiokuwa wao. Ukishuka tena pwani unaikuta Kilwa Kivinje, penye kumbukumbu za waliouzwa na za walionyongwa. Mbele yako ni Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, wenye Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Pamoja na Songo Mnara, magofu hayo yameorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Naam, dunia imekwisha kuurithi. Sisi bado tunasubiri semina nyingine.

Yuko atakayeuliza: kuna madhara gani? Mapango yapo, magofu yapo, nani atayahamisha? Kwa huyo nina jibu moja, nalo liko Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Majimaji kuzimwa, Wajerumani walianza kuchimba huko mifupa ya dinosaria. Waliochimba ni watu wa nchi hii, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Waliobeba ni watu wa nchi hii, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Hadi mwaka 1913 mifupa yenye uzito wa tani zipatazo 250 ilikuwa imekwisha kusafirishwa. Tangu mwaka 1937 mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Mwalimu wa Lindi anayetaka kumwonyesha mwanafunzi wake mnyama wa Lindi, hana budi kumkatia tiketi ya ndege.

Ni kweli kwamba pango halipakiwi melini. Lakini maarifa ya pango hupakiwa. Mgeni huja, akapima, akapiga picha, akaandika, akaondoka. Kesho sisi tunauziwa kitabu chake ili tujifunze habari za ua wa nyumba yetu. Mzee aliyesimuliwa na babu yake jinsi watu walivyojificha Nang'oma hufa bila kuulizwa na mwalimu wa shule iliyo jirani naye. Huo ni wizi usio na mwizi, kwa kuwa mlango tumeuacha wazi wenyewe.

Mwaka 1970 yalizuka malumbano makali katika gazeti la The Standard kuhusu utalii na ujamaa. Vijana wa TANU pale Chuo Kikuu walihoji iwapo taifa linalojenga heshima yake laweza kujitajirisha kwa kuwahudumia matajiri wa nchi nyingine. Lilikuwa swali zuri, na hadi leo lina uzito. Fedha za kigeni tunazihitaji. Asiyelijua hilo haijui bajeti. Lakini pande zote zilizolumbana zilimfikiria zaidi mgeni: aje au asije, alete kiasi gani, atatuharibu au hatatuharibu. Swali la pili, ambalo ni kubwa zaidi, lilibaki pembeni: mwenyeji naye atatembea lini? Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asiyeijua nyumba yake atapona kwa lipi, ikiwa mgeni ndiye anayemwonyesha vyumba?

Wenzetu wana visingizio vitatu. Cha kwanza ni kwamba matembezi ni anasa, na kwamba mtembezi hula miguu yake. Methali hiyo ilitungwa kumwonya mzururaji. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi Nandete hazururi. Yumo darasani, ila darasa lake halina kuta. Tena mtumishi anayekosa nauli ya Kipatimu huchangia sherehe tatu kwa mwezi mmoja, na sare ya kila sherehe hushona.

Cha pili ni barabara. Hapa pana ukweli, nao tusiufiche. Mei 2024 mafuriko yalipoikata barabara kuu pale Somanga, mikoa ya kusini ilitengwa na Dar es Salaam, na njia ya Kipatimu wakati wa masika humjaribu dereva na gari lake. Lakini barabara haidaiwi na asiyeipita. Wakulima wa Kipatimu wanapitisha mazao yao hapo mwaka mzima. Kilio chao kingesikika upesi zaidi kama walimu na maofisa nao wangekuwa wamelala njiani na tope hadi magotini.

Cha tatu hunong'onwa: mapangoni kuna mizimu. Mahali ambapo watu huomba na kutambika panastahili heshima, na heshima ni kubisha hodi. Msomi anayeogopa kuwauliza wazee wa Nandembo, huku akijigamba kwamba hana ushirikina, amejipatia hasara mbili: hana imani ya wazee, na elimu yake haijamtoa woga.

Yafaa nini basi? Walimu wana nafasi ambayo hawakuwa nayo. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024. Lisigeuzwe somo la kukariri tarehe. Kila shule ya Kilwa na Lindi ijiwekee safari moja kwa mwaka, hata kama ni ya miguu: wanafunzi watafute wenyeji wa kuwaongoza, wapate ruhusa ya kijiji, wabebe kurunzi na chakula chao, wasivunje jiwe wala kuandika majina ukutani, na wakirudi waandike waliyosimuliwa. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe sehemu ya maisha ya watu wanaoizunguka. Huu ndio utekelezaji wake.

Maofisa nao wanapokwenda Masoko kwa semina, siku moja waivuke bahari. Halmashauri ihakikishe kwamba kijana wa Kipatimu anayeongoza wageni pangoni amefunzwa kazi hiyo na analipwa ujira unaolingana nayo, na kwamba sehemu ya malipo ya mgeni inabaki kijijini. Na Chama, ambacho matawi yake yako katika vijiji hivyo vyote, kisingoje mbio za Mwenge ndipo kiwakumbuke mashujaa wa Nandete.

Wazee wetu walipanda mlima ule wakijua kwamba ng'ambo ya mlima kuna bunduki. Sisi tunaombwa tuupande tukiwa na chupa ya maji na daftari. Tukishindwa hata hilo, basi tusiwalaumu wageni watakapotusimulia habari zetu kwa lugha yao, na kututoza kiingilio.