HESHIMA SI WOGA

Ndugu zangu wafanya kazi,

Nataka kusema neno juu ya heshima, maana wengi wetu kazini tunaichanganya na woga.

Wakati wa mvua za Novemba gengi letu lilikuwa kazini upande wa Kibwezi. Msimamizi wetu alikuwa mgeni kutoka ng'ambo. Kijana mmoja alimwuliza swali mbele ya watu, akakatwa mshahara wa siku nzima. Kesho yake tuliamriwa kusukuma toroli ya mataruma. Mzee mmoja wa kutoka Kitui aliona kwamba maji yamekula udongo chini ya kokoto. Akakohoa, akatazama chini. Mimi nami niliona. Sote tukasema, "Ndiyo, bwana." Toroli ikapinduka, ikamvunja mwenzetu mguu.

Msimamizi alipojua kwamba tuliona, alishangaa. "Mbona hamkuniambia?" Tukajibu, "Tulikuheshimu." Huo ulikuwa uongo. Tulimwogopa.

Baadaye alitueleza kwamba kwao mdogo hamsahihishi mkubwa mbele ya watu, bali humwambia kando. Swali la yule kijana aliliona ni tusi. Sisi nasi tulimwona mtu asiyetaka kuulizwa kuwa anatudharau.

Kwetu Ukambani hatukuwa na mfalme. Mashauri yalikatwa na wazee wa nzama, baada ya kusikia pande zote mbili. Machifu wa kuamuru tu waliwekwa na serikali ya Wazungu. Mwaka 1938, serikali hiyo ilipochukua ng'ombe za Wakamba kwa nguvu, Muindi Mbingu na maelfu ya watu walikwenda Nairobi kutaka Gavana awasikilize. Hawakwenda kupigana, walikwenda kusema. Muindi alihamishwa Lamu, lakini serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu.

Basi nashauri hivi. Msimamizi, awe mgeni au mwenyeji, ajue kwamba kuulizwa si kutukanwa. Nasi tuache kusema "ndiyo" mchana na kunung'unika hotelini usiku. Neno la kawaida tumwambie kando, kwa adabu. Lakini hatari haingoji: isemwe papo hapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi amjulishe msimamizi wake hatari kubwa, tena inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya usalama.

Ukiadhibiwa kwa kusema, mwone mwakilishi wa Chama siku hiyo hiyo. Yule kijana hakwenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsindikiza. Kama tungalimsindikiza, pengine kesho yake yule mzee asingalikohoa tu.

Mwenzetu sasa anatembea kwa mkongojo. Tukikutana hunisalimu vizuri. Mimi ndiye ninayekosa la kusema.

Wenu katika Chama,
Mtu wa Gengi, Kibwezi