Malalamiko ya Mpenzi si Uadui

Yamkini baadhi ya wasomaji wetu watastaajabu kuona safu hii, ambayo desturi yake ni kuzungumzia karafuu, skuli, bandari na mwenendo wa watumishi wa umma, leo inajishughulisha na michezo ya kompyuta. Wala hatuwalaumu. Wazee wengi huiona michezo hiyo kuwa ni upotezaji wa wakati wa vijana katika vibanda vya gemu, na kwa sehemu kubwa hawakukosea. Lakini kisa tunachokusudia kukieleza, kilichotokea huko Kanada baina ya kampuni inayotengeneza michezo na watu wanaoinunua, kinahusu jambo ambalo kila afisa wa serikali hukutana nalo: watu waliozoea kitu kwa namna moja, kisha wakaletewa kitu hicho kimegeuzwa.

Katika mji wa Edmonton iko kampuni iitwayo BioWare, iliyoanzishwa mwaka 1995. Mwezi wa Novemba 2009 kampuni hiyo ilitoa mchezo uitwao Dragon Age: Origins. Huo si mchezo wa mpira wala wa mbio za magari. Mchezaji huingia ndani ya hadithi, mfano wa zile za majini na mazimwi tulizosimuliwa na bibi zetu, akawa yeye mwenyewe ndiye mhusika mkuu. Kwanza huchagua asili yake miongoni mwa asili sita. Akipenda huwa mtoto wa ukoo bora, au mbilikimo wa nasaba ya kifalme, au mbilikimo fukara asiyehesabiwa kuwa mtu. Akipenda huwa mmoja wa watu wenye masikio marefu, aliyezaliwa ama katika mtaa wa madhalili mjini ama katika misafara ya porini; au huwa mwenye elimu ya uchawi aliyelelewa chini ya ulinzi mnarani. Kila asili ina mlango wake wa kuingilia katika hadithi. Vita vinapopamba moto, mchezaji huweza kuvisimamisha, akatafakari, akampangia kila mmoja wa wenzake watatu kazi ya kufanya. Na anaposemeshwa huletewa majibu yaliyoandikwa kwa ukamilifu, akachagua la hekima au la jeuri, naye akajua mapema ni maneno gani yatakayomtoka.

Tarehe 8 Machi 2011 ukatoka mchezo wa pili, Dragon Age II. Waliofungua wakitaraji kukutana na rafiki yao wa zamani walikuta mengine. Asili sita zimefutwa. Kila mchezaji ni binadamu, na ukoo wake ni mmoja, Hawke. Majibu kamili yameondolewa, mahali pake pamewekwa duara lenye maneno mafupi ya kudokeza, hata mchezaji akachagua dokezo la upole na mhusika wake akatamka asilolikusudia. Mapigano yameharakishwa, na maadui huanguka kutoka juu, kundi baada ya kundi, hivyo mpango uliopangwa kwa makini huvurugika kabla haujatimia. Nguo za vita za wenzake hawezi tena kuwabadilishia. Na lililowaudhi wengi kupita yote, pango moja lilitumiwa mara nyingi kwa visa tofauti: mlango huu umezibwa leo, ule umefunguliwa kesho, lakini kuta ni zile zile na kona ni zile zile.

Mtu asiyecheza atauliza, je, hayo ndiyo ya kulilia? Basi na atazame barazani kwake. Bao letu la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo huanza kwa namua, kete zikiingizwa moja moja, ndipo ufuate mtaji. Na kila mchezaji ana nyumba yake anayoilinda kama mboni ya jicho. Liko pia bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili tangu mwanzo na namua haimo. Ni bao jema kwa mtoto. Lakini hebu mtu awaendee mafundi waliokaa barazani tangu alasiri, awaambie kwamba kuanzia leo namua imeondolewa ili wageni wasipate taabu ya kujifunza, na kwamba mchezo sasa ni wa kasi zaidi. Hatudhani kwamba atapewa kahawa. Na mafundi hao hawatakuwa na hasira kwa sababu wanachukia mabadiliko. Watakasirika kwa sababu lililoondolewa ndilo lililowafanya wakae pale miaka yote hiyo.

Wapenzi wa Dragon Age wakalalamika, na kwa wingi. Wahakiki wa magazeti walikuwa wameupa mchezo alama nzuri, lakini alama za wachezaji wenyewe zilikuwa duni kupita kiasi. Tuseme kwa insafu kwamba kitu chenyewe hakikukosa thamani. Kisa cha mkimbizi anayeingia mjini mikono mitupu, akaishi humo miaka mingi, akaona ugomvi wa makundi mawili ukikua hadi ukaunguza mji, ni kisa chenye uzito kuliko visa vingi vya kuua joka na kuoa binti wa mfalme. Leo wako wachezaji wengi wanaousifu mchezo huo kwa sababu hiyo hasa. Hata mauzo ya mwanzo hayakuwa mabaya. Nakala zaidi ya milioni moja ziliuzwa katika muda usiozidi wiki mbili.

Pengine mauzo hayo ndiyo yaliyowadanganya wakubwa. Katika siku zile zile mfanyakazi mmoja wa kampuni aligunduliwa kuwa ameandika sifa kemkem za mchezo huo hadharani, akajifanya ni mnunuzi wa kawaida. Kampuni mama, Electronic Arts, haikuona haya. Ilijibu kwamba hata Rais wa Marekani hujipigia kura mwenyewe. Tumekaa na jibu hilo kwa muda. Kura ni haki ya kila raia, rais akiwemo, lakini mwenye kupiga kura hajifichi nyuma ya jina la mwingine. Nasi pia tunawajua maafisa ambao taarifa zao kwa wakubwa zimejaa shukrani za wananchi, na shukrani hizo zote, ukizisoma kwa makini, zimeandikwa kwa mwandiko mmoja.

Kwa nini mapango yalirudiwa? Hapa mtu wa Chama hawezi kunyamaza. Mchezo wa kwanza ulitangazwa mwaka 2004 na ukatoka mwaka 2009. Wa pili ulifuata baada ya miezi 16 tu. Baina ya tangazo lile la kwanza na mchezo wa pili, yaani mwishoni mwa mwaka 2007, BioWare ilikuwa imekubali kununuliwa na Electronic Arts, kampuni ya Marekani yenye wenye hisa wanaongojea hesabu zao, na mwaka wake wa fedha humalizika tarehe 31 Machi. Msomaji na aitazame tena tarehe ya kutoka kwa mchezo wa pili. Mafundi wa Edmonton hawakusahau namna ya kuchora pango. Walinyimwa muda wa kulichora, kisha lawama zikawaangukia wao na si wale waliowawekea tarehe. Huo ndio mwendo wa mtaji popote ulipo, na sisi tusijione tumesalimika, kwa kuwa hata huku iko miradi inayokamilishwa mbio kwa ajili ya sherehe, rangi ikapakwa kabla saruji haijakauka.

Haki ya kulalamika hata hivyo ina mipaka yake, nayo ilivukwa. Mwaka 2012 watu walimwandama mwandishi mmoja mwanamke wa kampuni hiyo kwa matusi kwenye mtandao na hata kwa simu, eti kwa sababu katika mahojiano ya miaka sita nyuma alisema kuwa yeye hafurahii sehemu za mapigano na angependa mchezaji aweze kuziruka. Mwanamke huyo kazi yake ilikuwa kuandika mazungumzo ya wahusika. Mapigano hayakuwa mikononi mwake kabisa. Huko si kukosoa. Kukosoa hulenga kazi, na ikiwa ni lazima humlenga mwenye dhamana ya kazi hiyo. Kumtafuta mnyonge wa karibu ili hasira ipate pa kutua ni ukosefu wa adabu, uwe umefanywa Edmonton au umefanywa kwenye dirisha la afisi ya malipo, ambako karani hutukanwa kwa amri asiyoitia saini.

Mwaka huo huo, lakini, wapenzi wengine wa kampuni ile ile walionyesha njia nyingine. Mchezo wao wa nyota na vyombo vya angani, Mass Effect 3, ulikuwa umemalizika kwa namna iliyowaudhi: baada ya michezo mitatu ya kuchagua na kuamua, mchezaji aliishia kwenye miisho iliyotofautiana kwa rangi tu, mwekundu, wa buluu na wa kijani. Wapenzi hao walichanga fedha, wakaagiza keki ndogo zaidi ya 400 za rangi hizo tatu, wakazipeleka kwenye afisi za kampuni. Ladha ya ndani ilikuwa moja. Mtu wa mwambao hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Ni kijembe safi, kama kanga iliyotandikwa dirishani ili jirani aisome. Hakuna aliyetukanwa, na kila mmoja alielewa. Kampuni ilizitoa keki hizo kwa makao ya vijana wasio na pa kulala mjini humo, na mwezi wa Juni ikatoa, bila ya malipo, nyongeza ya kuufafanua mwisho ule.

Turudi kwenye Dragon Age, maana sehemu yenye faida kubwa kwa maafisa wetu ni hii. Mchezo wa tatu, Inquisition, ulitoka Novemba 2014. Safari hii kampuni ilikuwa imesikia. Mlisema mji mmoja ni mdogo? Haya, chukueni mabonde, majangwa na misitu isiyokwisha. Mlisema mmenyimwa asili? Zimerudishwa. Mchezo ulishinda tuzo ya mchezo bora wa mwaka. Na bado malalamiko yakazuka mapya, kwa kuwa eneo la kwanza tu lilikuwa kubwa na limejaa vijikazi vya kuokota majani na kutafuta mifugo, hata watengenezaji wenyewe ikabidi wawashauri wachezaji waondoke hapo waendelee na hadithi. Wapenzi walikuwa wamelalamikia mapango yaliyorudiwa. Wakajibiwa kwa ukubwa wa ardhi. Lakini hawakuomba ukubwa. Waliomba mahali penye kusudi. Ni kama wananchi wanaosema zahanati yao haiwasaidii, wakajengewa jengo la ghorofa mbili, na kabati la dawa likabaki tupu kama lilivyokuwa. Kulisikia neno la mlalamikaji ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuketi naye hadi ujulikane msingi wa neno lenyewe, na sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita skuli ya serikali tulifundishwa kwamba hiyo ndiyo shura.

Wala isidhaniwe tunahimiza kila kitu kibaki kilivyo. Kampuni ya Larian ya Ubelgiji ilichukua jina la mchezo wa zamani wa BioWare hiyo hiyo, Baldur's Gate, uliotoka mwaka 1998, ikabadilisha jambo la msingi kabisa: mapigano yakawa ya zamu kwa zamu. Wapenzi wa zamani walinung'unika. Larian haikurudi nyuma, lakini haikujifungia. Oktoba 2020 iliuweka sokoni mchezo ukiwa haujakamilika, ikasema wazi kuwa haujakamilika, ikasikiliza waliouchezea kwa karibu miaka mitatu, ikarekebisha, kisha Agosti 2023 ikautoa kamili. Nao ulishinda tuzo ile ile ya mwaka. Mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko yale ya mwaka 2011, na watu waliyapokea kwa sababu waliyaona yakitengenezwa.

BioWare nayo ilikaa miaka kumi ndipo ikatoa mchezo wa nne, The Veilguard, tarehe 31 Oktoba 2024. Wako walioutukana kabla haujatoka, nao hatuna haja nao. Lakini wenzake wa mchezaji sasa walikuwa wawili badala ya watatu, uwezo wa kuwaongoza mwenyewe vitani ulikuwa umeondolewa, na maamuzi ambayo wachezaji waliyahifadhi tangu mwaka 2009 hayakutajwa ila machache sana. Januari 2025 Electronic Arts ilitangaza kwamba mchezo umefikia wachezaji milioni 1.5, karibu nusu ya waliotarajiwa, na wafanyakazi kadhaa wa Edmonton wakapoteza kazi zao.

Mnunuzi wa mchezo, akichoka kulalamika, huweka fedha yake mfukoni akaenda kwa Larian. Mwananchi wa Micheweni au wa Makunduchi hana afisi ya pili ya ardhi ya kwenda. Kwa hiyo tunapendekeza kwa wahusika, kuanzia wilayani hadi wizarani, kwamba sanduku la maoni lililotundikwa ukutani lifunguliwe kila wiki mbele ya mashahidi wawili wasio watumishi wa afisi hiyo, na kwamba kila utaratibu unapogeuzwa, sababu yake ibandikwe hapo hapo mlangoni kabla ya siku ya kuanza. Malalamiko yasiyowezekana yajibiwe kuwa hayawezekani, na jibu litiwe saini na mwenye dhamana. Na ufunguo wa sanduku, ambao katika afisi nyingi hakuna ajuaye uliko, utafutwe.