Ukali wa darasa la Kiingereza uhamie kwenye kusoma na kuandika

UBAO NA CHAKI
Na Rehema Mkwizu

Kila Januari shule zetu za sekondari hapa Tanzania hupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza, na miongoni mwa vitu vya mwanzo wanavyokutana navyo ni kanuni. Somo la Kiingereza huwa na zake za ziada: ni marufuku kuongea Kiswahili kwenye kipindi, na mara nyingine hata uwanjani, kila mtu aje na madaftari mawili na kamusi, kazi ya nyumbani iwe imekamilika kabla ya kengele, atakayekiuka ataadhibiwa. Mwalimu anaziandika ubaoni kwa Kiingereza na darasa zima linanakili. Sasa tumwangalie anayenakili. Huyu amesoma shule ya msingi ya umma miaka saba, akifundishwa hisabati, sayansi na uraia kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa somo moja tu kati ya mengi, tena lile linaloburuta mkia mara kwa mara kwenye matokeo ya darasa la saba. Baada ya mtihani wa Septemba alikaa nyumbani hadi Januari, isipokuwa kama wazazi wake walimudu kumlipia yale masomo ya "pre-form one". Anaandika kwa mwandiko safi kanuni asiyoielewa, na wiki inayofuata anaadhibiwa kwa kuivunja.

Sina ugomvi na kanuni. Darasa lenye watoto sabini au themanini haliwezi kwenda bila utaratibu, na mwalimu anayeeleza mapema anachotarajia anawatendea haki wanafunzi wake. Ugomvi wangu ni pale ukali ulipoelekezwa. Tumeubana mdomo wa mtoto na kuyaachia macho na mkono wake. Njuka, yaani huyo mgeni wa kidato cha kwanza, akiomba ruhusa ya kutoka kwa Kiswahili, kiranja anamwandika jina. Njuka huyo huyo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kusoma kitabu kimoja cha hadithi mpaka mwisho, na bila kutunga aya moja ya kichwani mwake, na hakuna atakayemuuliza. Kwa mtu anayejifunza lugha ngeni, hilo la pili ndilo kosa kubwa, na wala si lake.

Kumwaibisha mtoto kwa lugha yake si jambo tulilolibuni sisi. Huko Wales katika karne ya 19, mtoto aliyeponyokwa na Kiwelisi shuleni alivishwa kibao shingoni, naye alikipitisha kwa mwenzake aliyekosea baada yake. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza mchezo kama huo katika shule za Kenya ya ukoloni, ambako aliyenaswa akiongea Kikuyu alichapwa au kutundikwa maandishi ya kumdhalilisha. Kibao hicho kipo hadi leo katika baadhi ya shule zetu, safari hii kikiwinda Kiswahili, lugha ya taifa. Kinachofundisha ni kunyamaza. Mtoto hupiga hesabu haraka: akisema kwa Kiswahili atapata adhabu, akisema kwa Kiingereza kibovu atachekwa, akinyamaza hatapata lolote. Basi ananyamaza, na mwalimu anaandika kwamba darasa lina nidhamu. Tukumbushane pia kwamba kanuni za adhabu ya viboko, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, viandikwe kwenye daftari maalumu, na viwe kwa makosa mazito ya nidhamu. Kuuliza swali kwa Kiswahili ni kosa zito la aina gani?

Ushahidi kuhusu hali ya watoto hawa hatujaukosa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima uwezo wa lugha katika shule zetu, wakaona kwamba takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne ndio waliofikia kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingepaswa kuanzia. Ni kidato cha nne, si cha kwanza. Baadaye Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo, akishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Martha Qorro, alilinganisha vipindi vya sekondari vilivyofundishwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza wanafunzi wengi walikaa kimya wakisubiri kunakili. Kwa Kiswahili walijibu, wakabishana, wakauliza. Lugha gani ifundishie sekondari ni mjadala mwingine, na leo nauacha. Tume ya elimu ya Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi huko, ushauri haukutekelezwa, na njuka wa leo hawezi kusubiri tumalize kubishana. Yeye ana fizikia ya Kiingereza kesho asubuhi.

Ndiyo maana nasema ukali uhamie kwenye kusoma. Mtafiti wa msamiati Paul Nation ameonyesha kwamba ili mtu asome maandishi bila kusaidiwa, anahitaji kuyajua maneno yapatayo asilimia 98 ya yaliyomo. Kwenye ukurasa wa maneno 200 hayo ni maneno manne tu mageni. Fungua kitabu cha baiolojia cha kidato cha kwanza, umwambie mtoto aliyetoka shule ya msingi ya kijijini apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Hatafika katikati ya ukurasa kabla hajapiga mistari zaidi ya hiyo minne. Pengo hilo halizibwi kwa kukataza Kiswahili wakati wa mapumziko, wala halizibwi na orodha ya maneno hamsini ya kukariri kila Ijumaa. Linazibwa na vitabu vyepesi, vingi, vinavyosomwa kila wiki. Criper na Dodd waliposema yao, dawa iliyofuata, kwa fedha za Uingereza, ilikuwa mradi wa kupeleka shuleni vitabu vya kusoma vilivyopangwa kwa ngazi. Vile vitabu vidogo vya Richard Mabala, Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vilikaa miaka mingi kwenye orodha ya kidato cha kwanza na cha pili kwa sababu mtoto anaweza kuvimaliza. Lakini tunavifanyaje? Mwalimu anasimulia hadithi, anaandika ubaoni wahusika na dhamira, darasa linanakili, mtihani unajibiwa. Mtu anafaulu swali la fasihi juu ya kitabu ambacho hajawahi kukishika.

Kwenye kuandika mambo si tofauti sana. Tuseme mwanafunzi ameandika "My father he go to shamba yesterday". Wino mwekundu unaizungushia sentensi yote, mtoto anapata mbili juu ya kumi, na hajui alipotelea wapi. Mwalimu anayejiruhusu dakika mbili za Kiswahili angemwonyesha kwamba sisi tunasema "baba alikwenda", na ile "a" ya mwanzo wa kitenzi ndiyo aliyoitafutia nafasi kwenye Kiingereza, akaipata kwa "he". Halafu angemwambia kwamba wiki hii tunasahihisha kitenzi cha wakati uliopita peke yake, mengine yatasubiri. Huo ndio ukali ninaoutaka: aya moja kila wiki, bila udhuru, iliyotungwa na mwenyewe na si kunakiliwa kwa jirani, ikarudishwa na kuandikwa upya. Atakayenakili aya ya mwenzake arudie mbele ya mwalimu. Atakayekosea kitenzi asiadhibiwe kabisa.

Najua watakaopinga. Wengine watasema watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza wanaongea vizuri kwa sababu huko Kiswahili kimepigwa marufuku. Hapana. Watoto wale walianza kusoma vitabu vya picha vya Kiingereza chekechea, wengi wana televisheni na wazazi wanaowajibu kwa lugha hiyo, na walifika darasa la saba wakiwa wamesomea kila somo kwa Kiingereza. Sisi tulichukua marufuku yao tukaacha maktaba. Wengine watasema Kiswahili kikiruhusiwa hakitatoka tena darasani. Hoja hii ina uzito, kwa hiyo ruhusa iwe na mipaka: Kiswahili kitumike kuuliza usichoelewa, kueleza kanuni ya sarufi na kupanga kazi kwenye kikundi, kinachowasilishwa kiwe Kiingereza, na nafasi ya Kiswahili ipungue kadiri muhula wa pili unavyosonga. Lakini tusitarajie miujiza. Jim Cummins wa Chuo Kikuu cha Toronto, akiangalia watoto wahamiaji nchini Kanada, alionyesha kwamba Kiingereza cha mazungumzo huchukua kama miaka miwili, na kile cha kusomea masomo miaka mitano hadi saba. Hao walikuwa wakikisikia Kiingereza dukani na barabarani. Njuka wa Nachingwea anakisikia darasani tu, na wiki chache za kozi ya maandalizi ya mwanzo wa mwaka ndizo tunazotegemea zimvushe.

Pingamizi lililo gumu zaidi linatoka kwa walimu wenyewe. Mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi themanini ana aya 240 kila wiki, na kumwambia azisahihishe zote ni kumdhihaki. Asizisahihishe zote. Akilenga kosa la aina moja, daftari linamchukua nusu dakika. Achukue mkondo mmoja kwa wiki, hiyo mingine miwili wanafunzi wabadilishane madaftari na kukaguana kwa kosa hilo hilo. Vitabu vikiwa ishirini kwa watoto themanini, visomwe kwa zamu za wanne wanne, na jina la aliyemaliza liandikwe ukutani. Kazi hii ni kubwa, sibishi, ila kusimamia kibao na orodha ya majina ya viranja nayo inakula muda, na mwisho wa mwaka haimwachii mwalimu hata mtoto mmoja anayesoma. Wakuu wa shule ndio wenye uwezo wa kumwondolea mzigo huo, kwa kuufuta rasmi kwenye kanuni za shule.

Mzazi mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza naye ana kazi. Ikifika Machi, fungua daftari lake la Kiingereza. Ukikuta kurasa zimejaa aliyonakili ubaoni na hakuna aya hata moja aliyoitunga mwenyewe, nenda shuleni ukaulize kwa nini, na usiridhike ukijibiwa kwamba watoto wamekatazwa kuongea Kiswahili.