Hakuna Kozi Yenye Soko

Dirisha la udahili wa vyuo vikuu likifunguliwa, ukoo mzima hugeuka mshauri wa ajira, na swali huwa moja tu: kozi hiyo ina soko? Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL au HGL akachaguliwa kusoma maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, saikolojia au malezi na makuzi ya mtoto hupewa pole kabla hata hajaripoti chuoni. Imani iliyo nyuma ya pole hizo ni kwamba soko limo ndani ya kozi, kwamba ukishaipata iliyo sahihi kazi itakufuata yenyewe. Imani hii ni potofu, na wanaoumia nayo zaidi ni hao wanaosoma fani za makuzi ya binadamu, kwa sababu inawafundisha kukaa. Aliyeambiwa kozi yake haina soko anasubiri koneksheni. Aliyeambiwa inalo anasubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Miaka mitatu inakwisha na hakuna aliyepanga chochote.

Tuzitazame basi kozi zilizosifiwa. Kwa muda mrefu Tanzania hapakuwa na ushauri salama kuliko wa kusoma ualimu: mkopo ulipatikana kwa urahisi na ajira ilikuwa ya serikali. Juni 2016 serikali ikasitisha ajira mpya ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na wahitimu wa ualimu wakaanza kurundikana mitaani ilhali shule nyingi zinalia upungufu wa walimu. Udaktari, kozi ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuitilia shaka, nao ukayaonja hayo. Mwaka 2017 Kenya iliomba kuajiri madaktari 500 kutoka Tanzania, na mahakama ya huko ilipoweka zuio, Rais Magufuli akaagiza waombaji 258 waajiriwe hapa nyumbani. Maana yake ni kwamba katika nchi yenye uhaba wa madaktari, mamia ya madaktari walikuwa hawana kazi, tena tayari kuvuka mpaka kuitafuta. Hakuna kilichokuwa kimebadilika katika kozi yao. Kilichobadilika kilikuwa bajeti na maamuzi ya wakubwa, mambo ambayo mtoto wa kidato cha sita hawezi kuyatabiri, wala mjomba wake.

Wanaosoma fani za makuzi ya binadamu nao walikuwa na toleo lao la imani hiyo: mashirika yatatuchukua. Kwa miaka mingi ilionekana kweli. Fedha za wafadhili, hasa za Marekani kwa ajili ya VVU na watoto yatima, zilizaa vyeo kwa wingi: afisa mradi, mratibu wa wilaya, mtu wa ufuatiliaji na tathmini. Halafu Januari 20, 2025, Rais Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na miradi ikaanza kufungwa hata kabla siku hizo hazijakwisha. Mwenye ujuzi wa kushughulikia shauri la mtoto aliyefanyiwa ukatili alitoka na ujuzi wake. Aliyekuwa na cheo tu alitoka na barua ya kusitishiwa mkataba.

Kwa hiyo cha kupanga ni kazi yenyewe, na mtu wa kufanyiwa kazi hiyo. Binadamu hukua tangu tumboni hadi uzeeni, na kila umri una shughuli zake zinazohitaji mtu aliyefunzwa. Chukua shughuli moja ambayo wanafunzi wengi huisikia darasani tu. Mtoto akifikishwa Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, afisa ustawi wa jamii huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Lazima afike nyumbani, azungumze na mlezi, amuulize mwenyekiti wa mtaa, akague mahudhurio shuleni, kisha aandike kurasa chache ambazo hakimu atazitumia kuamua kama mtoto arudi kwao au apelekwe kwingine. Kuandika kurasa hizo kwa ukweli na kwa lugha iliyonyooka ni ufundi. Unaweza kumaliza digrii na GPA ya juu bila kuwahi kuandika hata moja.

Au chukua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, vilivyozagaa Dar es Salaam kwa sababu mama na baba wote wanatoka alfajiri. Ukuta umechorwa katuni, watoto wamejaa chumba kimoja, na anayewaangalia ni binti asiye na mafunzo yoyote, naye analipwa kidogo. Desemba 2021 serikali ilizindua programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema taifa halijauona umuhimu wa miaka hiyo. Bado mhitimu wa fani hii hii husema, nimesoma digrii nikalee watoto? Ndiyo. Ukafundishe walezi, ukasajili kituo kinachofuata kanuni, ukauze utaalamu huo kwa wenye vituo kumi. Dharau hiyo ni sehemu ya tatizo la ajira, ingawa hatuipendi kuitaja.

Nitajibiwa kwamba uhitaji si malipo, kwamba wazee wa makazi ya Nunge kule Kigamboni wanahitaji wataalamu lakini hawana pa kutoa mshahara. Hoja hii ni nzito, na sitaizunguka: sehemu kubwa ya kazi hizi hulipwa na serikali, na serikali huajiri wachache. Lakini hiyo ni sababu ya kupanga mapema zaidi. Nafasi zikiwa chache, atakayeitwa ni yule ambaye mtu fulani amekwisha kumwona akifanya kazi. Wengine watasema yote haya ni koneksheni. Ipo, na inaudhi. Ila mtoto wa maskini ana sehemu moja halali ya kujulikana bila mjomba ofisini, nayo ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ile ile ambayo wengi huimaliza katika ofisi iliyo karibu na kwa shangazi, wakitumwa kutoa kopi. Ni kweli pesa ya fildi haitoshi nauli na chumba mbali na kwa ndugu, na hapo lawama inahama kutoka kwa mwanafunzi. Vyuo vina uwezo wa kukubaliana na mahabusu za watoto, makazi ya wazee na halmashauri, vikawapanga wanafunzi kwa kazi mahususi na kudai taarifa walizoandika. Msimamizi anayekuja mara moja, anasaini kitabu na kuondoka hajapima chochote, na mwajiri anaelewa hivyo.