Kungoja si kuuza mchezo: mbio za nyasi za Texas na lawama za wapanda farasi

Ijumaa baada ya sala, kwenye grupu letu la ukoo, mtoto wa kaka yangu anayefanya kazi Dallas katuma video ya dakika mbili. Mbio za farasi, uwanja wa Lone Star Park ulioko Grand Prairie, baina ya Dallas na Fort Worth. Farasi wanane juu ya nyasi, mmoja yuko mbele peke yake, wengine nyuma wamevutwa hatamu kama wanaopelekwa kunywa maji. Yule wa mbele akabaki mbele mpaka mwisho. Chini ya video kijana kaandika: "Ami, unaona? Wamemwachia. Mchezo umeuzwa." Haikupita saa moja, kuanzia Muscat mpaka Sharjah, ukoo mzima ulikuwa umeshahukumu kwamba wapanda farasi wa Texas ni wezi.

Nimeitazama video ile mara sita, na mara mbili nimeweka saa ya simu. Mbio ilikuwa ya mita 1,600. Mita 800 za mwanzo zilichukua kama sekunde 51, na 800 za mwisho kama 47. Yaani aliyekuwa mbele alikwenda polepole kwanza, kisha akafungua. Hapo hapana wizi. Mpanda aliiba pumzi ya wenzake hadharani, na sheria inamruhusu.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tunalisahau, kwa kuwa tunatazama zaidi ile mbio kubwa ya mwisho Meydan. Dubai World Cup inakimbiwa kwenye mchanga. Farasi aliye nyuma kwenye mchanga anapigwa usoni na kila kinachorushwa na kwato za wenzake, na farasi wengine wakipigwa hivyo wanakata tamaa. Ndiyo maana Marekani, ambako mchanga ndio mfalme, wapanda wanatoka mlangoni kwa pupa kutafuta nafasi ya mbele. Mwaka 2024 Laurel River na Tadhg O'Shea walifanya hivyo hivyo Meydan: wakashika uongozi, na hakuna aliyewaona tena isipokuwa mkia. Nyasi ni khabari nyengine. Hazirushi kitu cha kumuudhi farasi, basi mpanda anaweza kumficha nyuma ya wenzake, akamtuliza, akabakisha mbio zote kwa ajili ya kipande cha mwisho. Mbio nyingi za nyasi zinaanza taratibu na kumalizika kwa fujo.

Uwanja huo huo wa Grand Prairie uliwahi kutupa somo lote kwa siku moja. Tarehe 30 Oktoba 2004 Lone Star Park, ambao ulifunguliwa 1997 tu, uliandaa Breeders' Cup, siku kubwa kuliko zote kwenye mbio za Marekani. Kwenye mchanga, Ghostzapper na Javier Castellano walikwenda mbele tokea mlangoni, wakamaliza mita 2,000 kwa dakika 1 na sekunde 59.02. Hawakumngoja mtu. Kwenye nyasi, mita 2,400, mambo yaligeuka. Jamie Spencer, kijana wa Ireland, alikuwa juu ya Powerscourt. Kabla hawajafika kwenye kipande cha mwisho akamwachia, farasi akapita wote na kufungua mwanya mkubwa. Kwa sekunde chache ilionekana imekwisha. Kumbe haijaisha. Better Talk Now, farasi wa bei ya 27 kwa 1, akaja kutoka nyuma na Ramon Dominguez juu yake, akampita. Kitten's Joy, aliyepewa nafasi kuliko wote, akawa wa pili. Powerscourt wa tatu.

Spencer alilaumiwa vibaya sana. Mapema, mapema, mapema, ndiyo ilikuwa nyimbo. Na kwa haki, alikwenda mapema. Lakini wanaolaumu hawasemi alikuwa anaogopa nini, na hapo ndipo Texas inapoingia.

Njia ya nyasi ya Lone Star ina mzunguko wa kiasi cha mita 1,400. Ya Sam Houston Race Park kule Houston, uliofunguliwa 1994, ni hivyo hivyo. Ya Meydan ni mita 2,400. Sasa hebu fikiri: mbio ya mita 2,400 Dubai ni mzunguko mmoja wa raha, kona pana. Texas, mbio hiyo hiyo ni mzunguko mzima na mita elfu moja juu yake, kona kubwa tatu, zote za kubana. Na kona inatoza ushuru. Farasi akikimbia mita moja nje ya mwenzake kwenye nusu duara, anaongeza zaidi ya mita tatu. Kona tatu ni mita tisa na kitu, karibu urefu wa farasi wanne. Mkimbiaji wa nje mita mbili analipa urefu wa nane, na mbio kama hizi zinaamuliwa kwa pua.

Basi mpanda wa Texas ana njia tatu tu. Akae ndani karibu na uzio, asilipe ushuru, lakini ahatarishe kufungiwa mlango, kama John Velazquez na Kitten's Joy siku ile, ambao walikosa njia pale pale walipoihitaji. Au atoke nje na alipe. Au awapite wote kabla ya kona, achukue uzio mwenyewe, halafu aombe Mungu pumzi ifike. Spencer alichagua ya tatu. Mimi bado naona alikosea, maana mwendo wa juu kabisa wa farasi haudumu mbali, na yeye aliutumia kabla ya wakati. Lakini hilo ni kosa la hesabu. Halimfanyi mpumbavu, wala mhaini.

Bei yake ilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa 2005 Spencer akaacha kazi yake ya mpanda mkuu wa zizi la Aidan O'Brien. Sisemi mbio ile peke yake ndiyo iliyomtoa. Aliyekuja mahali pake ni Kieren Fallon, ambaye siku ile ile ya Grand Prairie alishinda na Ouija Board kwenye mbio ya majike. Na mwezi wa Agosti Fallon akampanda Powerscourt yule yule na kushinda Arlington Million, Chicago. Ndivyo ilivyo kazi hii.

Mtu ataniambia: mbona Equinox? Kweli. Machi 2023, Meydan, Dubai Sheema Classic, wengi wetu tulikuwa mbele ya televisheni. Christophe Lemaire alimweka mbele tokea mwanzo, mita 2,400 za nyasi, akashinda bila hata kumhimiza, na rekodi ya uwanja ikavunjwa. Kwa hiyo si kwamba nyasi zinakataa wa mbele. Wa mbele ndiye anayeshika saa. Akiachiwa apange mwendo anavyotaka, wa nyuma wamekwisha.

Turudi kwenye video. Kwa nini wale saba hawakumfuata? Kwa sababu anayemfuata wa kwanza ndiye anayelipa. Atamchokesha kiongozi, atachoka na yeye, kisha atakuja wa tatu aliyekuwa amelala kuchukua zawadi. Kila mmoja akangoja mwenzake aanze, kama kwenye kikao cha posa, hapana anayetaka kuwa wa kwanza kutaja mahari. Wakangojana mpaka mwisho. Pia farasi wanapokuwa wachache, wa kumsumbua kiongozi wanapungua, na ujanja huu unazidi kufaulu.

Na hapo kuna siasa. Mwaka 2020 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuweka chombo kimoja cha kusimamia usalama wa mbio nchi nzima, kikaanza kazi Julai 2022. Tume ya mbio ya Texas ikasema: kwa sheria ya jimbo, msimamizi ni sisi peke yetu. Matokeo yake viwanja vya Texas vikaacha kupeleka picha zao kwa wachezaji kamari wa majimbo mengine. Sisi kamari hatumo, lakini fedha za zawadi kule zinatoka humo kwa sehemu kubwa, na mwenye farasi mzuri anakwenda kwenye zawadi nzuri. Jimbo limejaribu kuziba pengo: tokea 2019 hutenga mpaka dola milioni 25 kwa mwaka kutokana na kodi ya bidhaa za farasi. Kesi nayo imepanda mahakamani na kushuka mara kadhaa. Tuliopo huku inatuhusu kidogo: Sam Houston umewahi kuendesha mbio za farasi wa Kiarabu chini ya tamasha la Sheikh Mansour bin Zayed wa Abu Dhabi. Msimamo wangu ni kwamba ugomvi huu wa wakubwa unaharibu mbio zenyewe kuliko mpanda yeyote aliyevuta hatamu.

Jambo la mwisho nililomwambia kijana wetu ni la Dominguez, mshindi wa siku ile. Januari 2013 alianguka na farasi Aqueduct, New York, akaumia vibaya kichwani. Miezi mitano baadaye akastaafu, umri wake miaka 36. Ukimwona mpanda anasita kuingia kwenye mwanya mwembamba kwenye kona, usikimbilie kusema kapewa fedha.

Kajibu kwa alama ya kucheka, kisha akauliza: "Basi Ami, Jumamosi niende tena?" Nimemwambia aende na watoto. Asisimame kwenye mstari wa kumalizia na watu wote. Asogee upande wa kona ya mwisho, asiangalie farasi, aangalie mikono ya wapanda: nani bado ameshika, nani ameshaanza kusukuma. Na dirisha la kamari alipite mbali.